Reli Iliyosukumwa kwa Mikono: Kumbukumbu za Toroli za Mombasa na Wajibu wa Wanafunzi wa Kiswahili

Biashara Street, katika kisiwa cha Mombasa, ni mtaa wa leso. Mnunuzi anayeingia katika maduka yake hatazami rangi na maua peke yake. Huuliza pia leso inasema nini. Leso ina pindo, ina mji, na ina jina, na jina ndilo huifanya ifae kupewa mtu fulani kwa sababu fulani. Makala haya yanachukua kipimo hicho na kukitumia katika jambo ambalo wanafunzi wa Kiswahili hawajalishughulikia vya kutosha, nalo ni kumbukumbu za reli ndogo ya toroli iliyokuwa ikipita katika kisiwa hicho hicho. Yanashikilia kwamba pindo na mji wa reli hiyo, yaani picha na tarehe zake, umehifadhiwa kwa kiasi, ilhali jina lake, yaani maneno ya watu walioisukuma, linaendelea kupotea. Yanashikilia pia kwamba kazi ya kuliokoa jina hilo inawahusu wanafunzi wa Kiswahili kabla ya kumhusu mtu mwingine yeyote.

Reli inapotajwa nchini Kenya, fikira za wengi huelekea kwenye reli kubwa. Hiyo ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899 na kufikia ziwa mahali palipoitwa Port Florence, ambapo leo ni Kisumu, mwaka 1901. Watu wapatao 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi kuijenga, na kati yao wapatao 2,500 walifariki. Habari hizi zimo katika vitabu vya shule. Isiyomo ni kwamba kabla ya reli hiyo kulikuwa na jaribio jingine dogo. Kampuni ya Kiingereza iliyopewa hati ya kifalme mwaka 1888, chini ya uongozi wa William Mackinnon, ilianza kutandaza njia nyembamba, yenye upana wa futi 2, mwaka 1890. Njia hiyo ilipewa jina kubwa la Reli ya Afrika ya Kati, lakini haikupita maili 7 hivi kabla ya kuachwa. Vyuma vyake viling'olewa na kupata kazi nyingine: vilitandazwa katika barabara za Mombasa, na juu yake vikapita vijigari vidogo vilivyoitwa toroli.

Toroli ilikuwa kiti kilichowekwa juu ya magurudumu manne, aghalabu kikiwa na paa la turubali la kukinga jua. Abiria mmoja au wawili waliketi, na wanaume wawili au zaidi walisimama nyuma wakasukuma. Njia zake zilipita katika Mji wa Kale, ikiwemo Ndia Kuu, na kuvuka kisiwa hadi upande wa Kilindini. Maafisa wa serikali na wafanyabiashara wakubwa wa Kizungu walikuwa na toroli zao wenyewe, na vipande vya reli viliingia hadi nyumbani kwao, kama leo njia ya motokaa inavyoingia uani. Motokaa zilipoenea katika miaka ya 1920, toroli zikaondolewa na reli zake zikang'olewa kwa mara ya pili. Kwa hivyo, kwa muda wa kizazi kimoja hivi, Mombasa ilikuwa na reli ambayo injini yake ilikuwa miguu na mikono ya wanadamu.

Swali la msingi ni hili: ni nini kilichobaki cha reli hiyo? Kilichobaki kwa wingi ni picha. Mpiga picha wa miaka hiyo aliipenda toroli, na kadi za posta zenye picha zake zilitumwa ng'ambo kwa wingi. Katika picha hizo abiria huketi wima, kofia kichwani, akiitazama kamera. Nyuma yake wamesimama wasukumaji. Maelezo yaliyochapishwa chini ya picha hutaja mji, hutaja mtaa, na pengine hutaja cheo cha abiria. Wasukumaji hawatajwi. Wageni walioandika habari za safari zao nao walieleza raha ya kupita chini ya minazi na mibuyu bila ya kutembea. Mtu aliyewapitisha chini ya miti hiyo amebaki kuwa kivuli katika sentensi zao.

Hali hii si ya toroli peke yake. Makumbusho ya Reli ya Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971, ni hazina kubwa isiyostahili kubezwa. Humo mna injini za mvuke, zikiwemo zile kubwa za aina ya Garratt zilizoundwa Uingereza katika miaka ya 1950 na kupewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Mna pia behewa ambalo ndani yake afisa wa polisi wa reli, Charles Ryall, alinyakuliwa na simba katika stesheni ya Kima mwaka 1900. Kila mgeni husimuliwa kisa cha behewa hilo, na ndiyo maana chuma chake hakijawa chuma cha kuuzwa kwa uzani. Kifaa hukaa katika kumbukumbu ya watu kikiwa na hadithi yake. Ryall alipata wa kumsimulia, kwa sababu wenzake waliandika. Msukuma toroli hakuandikiwa na mtu, na kama alisimuliwa, alisimuliwa nyumbani kwake, kwa Kiswahili, baada ya chakula cha usiku.

Huenda mtu akauliza kama kweli kuna haja ya kuhifadhi kumbukumbu za toroli. Hoja yake ina uzito na inafaa ijibiwe kwa heshima. Toroli ilikuwa chombo cha anasa cha watawala. Mtu mmoja aliketi na wengine walitoka jasho. Kuirejesha katika kumbukumbu, atasema, ni kurejesha fedheha, na ni afadhali isahauliwe pamoja na ukoloni ulioileta. Jibu ni kwamba toroli haijasahauliwa wala haitasahauliwa. Picha zake zinaendelea kuuzwa na kuchapishwa upya katika vitabu vya picha za zamani. Kilichosahauliwa ni upande mmoja tu wa habari. Maadamu picha zipo na maneno hayapo, kumbukumbu inayoendelea kuishi ni ya aliyeketi. Anayetaka kuondoa fedheha hawezi kuiondoa kwa kunyamaza, kwa kuwa ukimya humwachia aliyeketi nafasi yote. Ataiondoa kwa kumpa aliyesukuma nafasi ya kusema alilipwa nini, alikuwa wa nani, alikaa mtaa gani, alimwitaje bwana wake alipokuwa hasikii, na aliimba nini alipopanda mlima. Pengine baadhi ya majibu yatashangaza. Huenda kazi hiyo ilileta fahari kwa wengine na machungu kwa wengine. Anayeamua mapema kwamba ilikuwa fedheha tupu naye pia anamsemea msukumaji bila ya kumsikiliza.

Pingamizi la pili hutoka ndani ya idara zenyewe. Husemwa kwamba hii ni kazi ya wanahistoria, na kwamba mwanafunzi wa Kiswahili ana fonolojia, sintaksia na ushairi wa kumtosha. Pingamizi hili linasahau kwamba reli iliacha alama zake katika lugha kuliko ilivyoacha katika ardhi. Reli, stesheni na tikiti ni maneno yaliyotoka Kiingereza na kuvaa sauti za Kiswahili. Gari lilitoka katika lugha za Bara Hindi, likakutana na neno la Kibantu, na hapo ndipo ilipozaliwa gari la moshi. Neno behewa linafunza zaidi, kwa kuwa kamusi hulipa maana ya chumba cha treni na pia maana ya ua wa ndani wa nyumba. Aliyetazama chumba kile cha chuma kwa mara ya kwanza alikipa jina la sehemu ya nyumba aliyoijua. Uamuzi wa namna hiyo ni uamuzi wa kiisimu, na ulifanywa na watu wasiokuwa na kamati wala baraza la lugha. Je, sehemu za toroli ziliitwaje? Paa lake, breki yake, kipande cha reli kilichoingia nyumbani, mahali pa kupishana toroli mbili zilizokutana njia moja, vyote hivi vilikuwa na majina, kwa sababu hakuna kazi ya mikono ifanywayo kila siku bila ya msamiati. Mwanahistoria anaweza kuandika habari za toroli bila ya msamiati huo. Mwanafunzi wa Kiswahili hawezi kukubali kwamba umepotea kabla hajaenda kuutafuta.

Hapa ndipo Biashara Street inaporudi katika mjadala huu. Mtaa huo na Mji wa Kale ulio karibu nao una familia ambazo zimefanya biashara Mombasa tangu kabla ya reli. Duka la leso lenye chapa maarufu ya Mali ya Abdulla hutaja mwaka 1887 kuwa ndio wa kuanzishwa kwa biashara yake, yaani miaka tisa kabla ya taruma la kwanza la reli kubwa kulazwa. Majora ya nguo yaliyoshushwa bandarini yalipelekwa bara kwa gari la moshi, na penye biashara hapakosi karatasi: hati za mizigo, risiti, barua na daftari. Karatasi kama hizo ndizo kumbukumbu za reli ambazo hazimo katika jumba lolote la makumbusho. Daftari za wafanyabiashara wa Pwani wa zama hizo ziliandikwa kwa lugha na hati mbalimbali, zikiwemo Kigujarati, Kiarabu, na Kiswahili kwa hati za Kiarabu. Majina ya leso za awali nayo yaliandikwa kwa hati za Kiarabu kabla ya hati za Kirumi kushika. Mwanafunzi anayejua kusoma hati hizo ana ufunguo ambao wengi hawana, na ufunguo usiotumiwa hushika kutu.

Jambo jingine ni kwamba wanafunzi wa Kiswahili wameuzoea mtaa huo. Tasnifu nyingi zimeandikwa kuhusu majina ya leso: fumbo lake, ushauri wake, kejeli yake na nafasi yake katika mawasiliano ya wanawake. Mtafiti aliyekwisha kuketi dukani na kuuliza leso inasema nini anajua adabu za kuuliza. Anajua kuamkia kwa shikamoo, kungoja wateja wamalizwe, kukubali kikombe cha kahawa, na kutotoa daftari kabla ya mazungumzo kukolea. Ujuzi huo haununuliwi. Inafaa utumiwe kuuliza jambo moja zaidi: je, katika nyumba hii kuna mtu ambaye babu yake alisukuma toroli, au alifanya kazi stesheni, au alichukua mizigo relini?

Muda wa kuuliza ni mfupi. Aliyekuwa kijana wa miaka 18 toroli zilipokuwa zikiondolewa katika miaka ya 1920 hayuko hai leo. Walioweza kumsikia kwa masikio yao ni watoto na wajukuu zake, na walio wakubwa miongoni mwao wamekwisha kuingia miaka ya themanini na tisini. Jungu kuu halikosi ukoko, lakini ukoko nao haukai milele. Mwaka 2017 treni mpya ya abiria ilianza safari kati ya Nairobi na Miritini, na mazungumzo yote ya reli yakahamia huko. Hakuna ubaya katika kusifu kipya. Ubaya ni kuacha mbachao kwa msala upitao, hasa pale ambapo mbacha wenyewe haujatazamwa hata mara moja ili ijulikane umefumwa kwa nini.

Hata hivyo, wito huu hauna maana kwamba kila linalosimuliwa lipokelewe kama lilivyo. Reli ya Unguja inatoa funzo zuri. Mwaka 1905 kampuni ya Kimarekani ilifungua reli ndogo kutoka mjini hadi Bububu, mwendo wa maili 7 hivi. Nayo, kama toroli za Mombasa, ilishindwa na motokaa katika miaka ya 1920. Masimulizi yanayopendwa sana husema kwamba Bububu ilipata jina lake kutokana na mlio wa gari la moshi lililofika hapo. Ni masimulizi matamu, lakini hayawezi kuwa ya kweli. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, aliitaja Bububu kwa jina hilo katika kitabu cha maisha yake kilichochapishwa mwaka 1886, akieleza maisha aliyoishi huko kabla ya kuondoka Unguja mwaka 1866. Jina lilitangulia reli kwa takriban miaka 40 au zaidi. Je, masimulizi hayo yatupwe? La. Yanapaswa kuhifadhiwa kama ushahidi wa jinsi watu walivyoipokea reli, hata wakaona kwamba kishindo chake kinatosha kuupa mji jina. Mtafiti mwema huandika yote mawili: lililosimuliwa, na lililothibitika. Wanavyuoni wa Hadithi waliifanya kazi hiyo karne nyingi zilizopita kwa kuuliza isnadi, yaani nani alisikia kwa nani. Mombasa ni mji unaoielewa elimu hiyo, na itakuwa ajabu ikiwa kumbukumbu zake za reli zitakusanywa bila ya isnadi.

Upo pia mfano unaoonyesha kwamba jina la mfanyakazi linaweza kuishi bila ya jumba lolote la makumbusho. Katika stesheni ya Mackinnon Road, kati ya Mombasa na Voi, kando ya reli kubwa, kuna kaburi la Sayyid Baghali Shah, msimamizi wa vibarua kutoka Punjab wakati wa ujenzi wa reli. Husimuliwa kwamba karai alilobebea kokoto lilikuwa likielea juu ya kichwa chake. Wasafiri husimama hapo kuomba dua. Stesheni yenyewe imebeba jina la mwenyekiti wa kampuni, lakini watu wanaposimama hawasimami kwa ajili ya Mackinnon. Wanasimama kwa ajili ya aliyebeba karai, kwa sababu habari zake zilikuwa midomoni mwa watu, na watu wakazipokeza. Wasukuma toroli walikosa bahati hiyo, na kwa kuwa walikosa bahati hawana budi kupewa juhudi.

Juhudi hiyo haihitaji fedha nyingi. Kwanza, vyama vya Kiswahili vya vyuo vikuu vinaweza kugawana mitaa ya Mji wa Kale na vitongoji vyake wakati wa likizo, kila mwanafunzi akiwa na kinasa sauti na orodha fupi ya maswali, na kila rekodi ikitaja msimulizi alisikia kwa nani. Pili, maneno yote ya kazi ya reli na toroli yaingizwe katika faharasa moja, pamoja na lahaja ya msemaji, kwa kuwa Kimvita kinaweza kuwa kimehifadhi maneno ambayo Kiswahili sanifu hakikuyapokea. Tatu, picha, risiti na barua zipigwe picha na kurejeshwa kwa wenyewe siku hiyo hiyo. Mali ya familia si mali ya mtafiti, na familia iliyonyang'anywa mara moja haitafungua mlango mara ya pili. Nne, nakala za rekodi zipelekwe mahali patatu: idarani, kwa familia yenyewe, na katika Makumbusho ya Fort Jesus, ili moto au mchwa wa mahali pamoja usimalize kila kitu. Tano, kila picha ya toroli itakayowekwa mbele ya umma iwe na maelezo ya Kiswahili, na maelezo hayo yaanze na mtu aliyesimama nyuma.

Njia ya kisheria nayo iko wazi. Kenya ina Sheria ya Makumbusho na Turathi za Kitaifa ya mwaka 2006, na mwaka 2007 iliridhia mkataba wa UNESCO wa 2003 kuhusu turathi zisizoshikika. Chini ya mkataba huo mila za makaya ya Wamijikenda ziliorodheshwa mwaka 2009 kuwa turathi zinazohitaji ulinzi wa haraka. Kwa hivyo dola imekwisha kukiri kwamba neno, wimbo na masimulizi ni urithi kama ngome na mzinga. Kilichopungua ni watu wenye lugha ya kuyakusanya, na watu hao wamo katika madarasa ya Kiswahili.

Mhadhiri anayetoa mada za tasnifu mwaka huu anaweza kutoa hii pia. Mwanafunzi anayekwenda nyumbani Mombasa likizoni anaweza kuanza na bibi yake mwenyewe, au na mzee wa baraza iliyo karibu na msikiti wa mtaani kwao. Katika kila picha ya toroli wapo watu wawili, watatu au wanne wasiokuwa na majina. Likipatikana jina la mmoja tu, pamoja na neno moja alilolitumia kazini, kazi itakuwa imeanza.